Uzi: Majimbo 48 kwa lori. Anayeuliza "Marekani kukoje" apite hapa

Utingo Mstaafu (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Wakubwa wote shikamooni.

Wiki iliyopita mpwa wangu, kamaliza kidato cha sita huko Njombe, kanitumia ujumbe wa sauti: "Anko, hivi Marekani kukoje?" Nikaanza kumjibu, nikafuta. Nikaanza tena, nikafuta. Nikaona bora nije niandike hapa, yeye atasoma na wengine mtasoma, tusizungushane.

Wasifu kwa kifupi, maana najua mtauliza. Bongo nilikuwa utingo wa lori la Dar–Tunduma, baadaye nikakabidhiwa usukani. Nikashinda bahati nasibu ya viza, nikatua huku Januari 2014. Nimekaa Minneapolis miaka minne, Houston miaka mitatu, sasa nipo Iowa, na nitaeleza kwa nini maana hata wenyeji wa Iowa huwa wananiuliza nilipoteaje mpaka nikafika kwao. Tangu 2019 naendesha semi, yaani lori kubwa la tela. Majimbo 48 ya bara nimeyakanyaga yote. Alaska na Hawaii sijawahi kupangiwa mzigo.

Naomba mtoe kichwani ile Marekani ya kwenye filamu. Mimi naandika kinachoonekana kupitia kioo cha lori, saa 11 kwa siku, maana ndio mwisho wa kisheria kushika usukani. Ukizidisha, kompyuta ya kwenye lori inakuumbua yenyewe, trafiki hana haja ya kukukimbiza.

Binti wa Makorora

Nimekaa siti ya mbele, karanga mkononi. Tiririka mkuu.

Jicho la Kipanga

Wabeba boksi mkianza stori zenu... Anza na mshahara kwanza, hayo ya mandhari tutasoma wikendi.

Utingo Mstaafu

Kipanga, mshahara utakuja. Tuanzie kwenye baridi, ndiyo iliyonipokea.

MINNESOTA. Nilitua wiki ileile gavana aliyofunga shule za jimbo zima kwa sababu ya baridi. Mimi nina koti la mtumba la Mchikichini, muuzaji aliniapia ni la Ulaya. Labda Ulaya ya mwezi wa sita. Mlango wa uwanja wa ndege ulipofunguka, vinyweleo vya puani vikaganda. Sitanii, vinaganda kweli, unavisikia vikikuchoma kama miiba midogo. Macho yakatoa machozi, nayo yakaanza kuganda kwenye kope. Mwenyeji wangu anacheka tu, anasema subiri kuche.

Kulipokucha nikaona ziwa limeganda na juu yake kumeegeshwa magari. Si baiskeli wakuu, ni pikapu. Watu wamejenga vibanda katikati ya ziwa, wametoboa shimo kwenye barafu, wamekaa kwenye viti wanavua samaki na wanakunywa bia. Nikampigia mama simu nikamweleza, akauliza kama nimeanza kunywa.

Halafu ving'ora. Mwezi wa pili, Jumatano, saa saba mchana, niko peke yangu nyumbani. Ghafla mji mzima unalia kama vita imeanza. Nilijifungia bafuni na rozari, nikasali mafungu yote. Kumbe ni majaribio ya ving'ora vya kimbunga, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, saa saba kamili. Mpaka leo Jumatano ya kwanza tumbo linanicheza.

Watu wa kule ni wapole kupita kiasi. Mwenyeji wa Minnesota hakwambii hapana. Umempikia dagaa, ataonja, atatulia, atasema "hii ni tofauti." Hapo ujue amekataa. Ila kuna jambo moja wanafanana na sisi: hawajui kuaga. Anaaga sebuleni, mnasimama mlangoni robo saa, mnasindikizana mpaka kwenye gari, dirisha linashushwa, maongezi yanaanza upya. Nikasema hawa ni ndugu zangu. Lakini kukaribishwa ndani ni suala lingine. Kwa miaka minne niliingia nyumba za wenyeji mara mbili, na moja nilikwenda kusaidia kubeba kochi.

Waliotupokea kweli ni Wasomali wa mtaa wa Cedar-Riverside. Sambusa, chai ya maziwa yenye iliki, na mzee wa duka anayekuuliza kwa Kiswahili cha Mombasa umetoka wapi.

Mkamba wa Theluji

Brooklyn Park, jirani na Minneapolis, tupo! Buda, hiyo wiki gavana alifunga shule mimi nilikuwa naenda kazi, night shift, nyumba ya wazee. Wazee hawafungwi. Gari ilikataa kuwaka, nikatembea hatua mia mbili hadi kituo cha basi, masikio nikaanza kuyahesabu kama bado ni mawili. Na hiyo ya kuaga ni ukweli mtupu, Wakenya wa hapa nao wameshaambukizwa.

Mwana wa Ukerewe

Kuvua samaki unakaa juu ya ziwa na pikapu? Sisi tulio na ziwa halali tumedharauliwa vya kutosha.

Utingo Mstaafu

TEXAS. Nikasema yatosha, nikahamia Houston 2018. Nilipotoka nje ya uwanja, joto la unyevunyevu likanikumbatia kama Dar mwezi wa kumi na mbili. Nusura nilie. Muhogo upo, bamia zipo, Wabongo wapo, Wanigeria ndio usiseme. Tena Houston haina ile sheria ya kugawa maeneo ya mji, huku makazi huku biashara. Kwa hiyo unakuta kanisa, gereji, saluni na jumba la tajiri vimebanana mtaa mmoja. Nilijihisi Sinza.

Ubaya wake, bila gari wewe si mtu. Kwenda kununua chumvi ni safari. Na ukubwa wa Texas, jamani. Barabara ya I-10 ikikatiza Texas peke yake ni kilometa 1,400 na ushee. Dar mpaka Mwanza haifiki hapo. Unaamka Texas, unaendesha kutwa nzima, unalala Texas. Hata hivyo msibabaike, Tanzania ni kubwa kuliko Texas, wenyewe huwa nawaambia na hawapendi.

Sasa sikilizeni kioja. Nimeikimbia baridi Minnesota. Februari 2021 baridi ikanifuata Houston. Theluji, barafu, na umeme ukakatika mamilioni ya nyumba. Gridi ya umeme ya Texas imejitenga, haina miunganiko ya maana na majirani wa kuwaazima umeme, na mitambo ya gesi haikuandaliwa kwa baridi, ikaganda. Miaka minne Minneapolis sikuwahi kukosa umeme usiku hata mmoja wa baridi, nikaja kugandia kwenye joto. Mabomba ya maji ya nyumba yangu yakapasuka, dari ikadondoka sebuleni.

Kilichotuokoa ni lori. Nilikuwa nimeliegesha uwanja wa jirani na kwangu. Kibanda cha kulala cha semi kina hita inayotumia dizeli. Nikampakia mke wangu na watoto wawili, tukalala wanne kwenye kitanda cha mtu mmoja, usiku wa kwanza na wa pili. Jirani yangu Mmeksiko alikuja na jiko la gesi la kambini na sufuria ya chakula kilichofungwa kwenye maganda ya mahindi, tukala tumekaa kwenye ngazi za lori. Mgao wa umeme niliuacha Bongo, haukujua kama nimehama.

Binti wa Makorora

Pole sana kaka. Ila hiyo ya kulala lorini na familia nzima, wife alisemaje?

Utingo Mstaafu

Alisema, "Ndiyo Marekani uliyoniletea hii." Wa Mbinga huyo, haongei mara mbili. Miezi mitatu baadaye tukahama.

Nyarugusu mpaka Kentucky

Ndugu yangu, salamu. Mimi ni Mkongomani wa Kivu, nilikaa kambi ya Nyarugusu, Kigoma, miaka kumi na minne, ndipo nikaletwa Louisville. Ninyi mnaongelea baridi na joto, sisi wakimbizi hatuchagui jimbo. Unafika uwanjani wanakupa karatasi: Kentucky. Nilidhani ni jina la mtu. Lakini leo Jumapili tunasali kwa Kiswahili, kwaya yetu inaimba, na muuza mboga sokoni kanizoea, anajua majani ya maboga. Ee, uendelee. Na Kusini umepita?

Utingo Mstaafu

Mzee wangu, shikamoo. Kusini nimepita sana, na ndiko ninakopata shida kuelezea.

Nianze na daraja. Louisiana, kati ya Lafayette na Baton Rouge, I-10 inapanda juu ya kinamasi cha Atchafalaya, na hushuki mpaka kilometa 29 baadaye. Chini ni maji meusi na miti iliyosimama ndani ya maji. Mara ya kwanza nilipita alfajiri, ukungu umetanda, nikapunguza mwendo bila kujua. Lori la nyuma likanipigia honi.

Halafu chakula. Jumatatu ukiwa Louisiana utalishwa wali na maharage mekundu. Ni desturi yao, Jumatatu ilikuwa siku ya kufua, maharage yanajichemkia jikoni yenyewe. Kuna mchuzi wao maarufu unaitwa gumbo, na jina hilo wanasema limetoka kwenye neno la Kibantu la Angola, maana yake bamia. Nenda Georgia, nenda Alabama: kunde, bamia, viazi vitamu, majani yanayofanana na sukuma wiki yamepikwa mpaka yamelegea. Asubuhi wanakula uji mzito wa mahindi meupe na siagi. Nilipouona nikacheka mwenyewe mgahawani. Ugali uliokosa mwanamume wa kuusonga.

Karibu na Charleston, South Carolina, kuna akina mama wameketi kando ya barabara wanauza vikapu vya nyasi, wanasuka kwa kuzungusha, tako kwanza kisha ukuta. Mmoja akaniuliza kwetu wanasuka hivi? Nikamwonyesha picha za vikapu vya Iringa kwenye simu. Akaiangalia muda mrefu, akamwita mwenzie. Wateja wakasubiri.

Na kusalimia! Kusini mtu anakusalimia. New York ukimwamkia mtu asubuhi anashika begi lake. Kusini mama wa makamo anayekuhudumia chai anakuita "mtoto wangu" bila kukujua, anakuuliza umekula lini mara ya mwisho, na ukiondoka anakuombea njiani.

Lakini kando ya I-65 Alabama kuna bendera moja kubwa mno, ya wale waliopigana ili utumwa ubaki. Unaiona kutoka mbali, unapita chini yake na mzigo wako, redio inaendelea kuimba. Na Memphis nilisimama siku ya mapumziko, nikaenda Lorraine Motel alipouawa Martin Luther King, tarehe 4 Aprili 1968. Sasa ni makumbusho. Chumba 306, kibarazani wametundika shada. Nilidhani nitapiga picha. Simu sikuitoa mfukoni.

Mwana wa Ukerewe

Mkuu, hapohapo. Ubaguzi je? Useme ukweli usitupambe.

Utingo Mstaafu

Upo. Jimbo silitaji, nilisimamishwa usiku nikakaa dakika arobaini mikono juu ya usukani, nikiulizwa mara nne hilo lori nimelitoa wapi, na karatasi zote wanazo mkononi. Nimewahi kukaa getini kwenye ghala fulani, waliokuja nyuma yangu wakaingia, mimi nangoja. Hukuambiwa kitu, unajua tu.

Kisha unakuta Wyoming, lori limeniharibikia, hakuna mtandao, na mzee wa Kizungu mwenye kofia pana na kibandiko kwenye pikapu ambacho ninyi mngekiona mngesema kimbia, anashuka, analala chini ya lori langu kwenye theluji, anafunga bomba la hewa la breki kwa waya wake. Nikatoa dola. Akakasirika. Sijui wawili hawa niwaweke fungu gani, nimeacha kuwapanga.

Jicho la Kipanga

Wyoming ndiyo wapi tena? Na mshahara?

Utingo Mstaafu

Kipanga, nalipwa kwa maili. Gurudumu likizunguka nakula, likisimama foleni ya kupakua nahesabu dari. Unayeambiwa "dola kadhaa kwa wiki" muulize kwanza kodi ya nyumba, bima ya gari na jimbo gani. Pesa ileile inayokulaza chumba cha kushirikiana New Jersey inalipa nyumba yenye ua Iowa. Tena kwa kuwa nimeitaja New Jersey: ndilo jimbo ambalo sheria inakataza kujijazia petroli. Anakuja mtu anakujazia kama Bongo. Siku ya kwanza nilifurahi nikampa na bakshishi.

Sasa MAGHARIBI. Hapa madereva wa mlima Kitonga nisikilizeni.

I-80 Wyoming ni upepo. Kati ya Laramie na Rawlins kuna mlima unaitwa Elk Mountain, ukipita na tela tupu upepo unaliinua upande mmoja, unaliona kwenye kioo likifikiria. Yanaanguka kweli, nimeyaona yamelala ubavu matatu kwa asubuhi moja. Barabara ina mageti kabisa kama ya reli, hali ikichafuka wanafunga, mnalala mjini siku mbili.

I-70 Colorado ndiyo baba lao. Unapanda mpaka handaki la Eisenhower, mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Waliopanda Kilimanjaro wanajua: hapo umeshaipita kambi ya Mandara, ile ya Horombo iko mbele kidogo. Wewe una mzigo, jumla tani 36. Kushuka ndiko kwenye kazi. Mteremko mkali, breki zikipata moto zinaanza kutoa harufu ile tunayoijua sote. Kando wamechimba njia za dharura zimejazwa kokoto nyingi zinazopanda juu. Breki zikifa unalielekeza lori huko linazama kwenye kokoto linasimama. Kitonga tungekuwa nazo hizo, kuna watu ningekuwa nao leo.

Mara ya kwanza nilisimama kwenye maegesho ya juu kufunga minyororo ya tairi. Mwili ukasahau uko wapi. Nikashuka, nikatafuta jiwe, nikaliweka nyuma ya tairi. Dereva wa pembeni, Msikh mmoja wa California, akanitazama, akacheka, akasema kwao Punjab na yeye ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza.

Utah ukishamaliza milima unatokea uwanja wa chumvi, mweupe mpaka unafika mwisho wa macho, barabara imenyooka kama imepigwa kamba. Nilijaza mafuta karibu na Salt Lake City, kijana wa Kizungu kwenye kaunta akasoma jina langu kwenye kadi, akaniambia, "Shikamoo mzee, umeamkaje?"

Jicho la Kipanga

Chai. Hapa sasa umetia na tangawizi.

Mkamba wa Theluji

Si chai hiyo. Wale Wamormoni, watu wa kanisa lile la Utah, vijana wao hutumwa misheni miaka miwili, wengine huletwa kwetu Kenya. Mimi nilikutana na mmoja anajua "sukuma gurudumu" na "Mungu akubariki mama." Hao wako.

Utingo Mstaafu

Asante Mkamba. Alikuwa Kenya, Eldoret. Kiswahili chake cha kanisani, kila sentensi inaanza na "ndugu." Tuliongea mpaka foleni ikaanza kunong'ona.

California nitaipita haraka, mnaijua kuliko mimi. Niseme tu kwamba California ninayoijua mimi haina bahari. Ni bonde la katikati, Bakersfield mpaka Fresno, mashamba ya lozi, zabibu na nyanya, jua la kuchoma na Wameksiko wameinama. Sehemu kubwa ya chakula cha nchi inatoka pale, na sijawahi kumwona mtu anapiga nalo picha.

Seattle watu wanatabasamu, wanakwambia "lazima tuonane siku moja." Siku hiyo haijawahi kuwekwa kwenye kalenda.

Maine iwekeni moyoni. Lewiston nilipeleka karatasi za kiwanda, nikakuta duka la Msomali, na nje Mkongo anapiga soga kwa Kifaransa na bibi wa Kizungu wa miaka themanini. Kumbe wazee wa pale asili yao ni Wafaransa wa Canada waliokuja kufanya kazi viwanda vya nguo, na wajukuu hawaongei tena lugha yao. Bibi kampata mtu wa kuongea naye, katoka Kinshasa.

Binti wa Makorora

Sasa kwa nini Iowa? Umezunguka kote huko unakwenda kukaa kwenye mahindi?

Utingo Mstaafu

Mahindi na nguruwe, dada. Nguruwe wanawazidi watu kama saba kwa mmoja, na upepo ukigeuka unajua. Hakuna mlima, hakuna bahari, anayepanga kutalii hapiti.

Tulikuja kumtembelea rafiki Mrundi, Des Moines. Usiku theluji ikaanguka. Asubuhi nikaamka nikalisafishe gari, nikakuta mtu ameshaisafisha njia yote ya mwenyeji wangu, na ya jirani wa kulia, na wa kushoto. Nikauliza nani. Rafiki hajui kwa uhakika, anamshuku mzee wa nyumba ya kona, ana mashine. Miaka miwili hawajawahi kuongea. Mke wangu akasema, "Tuulizie kodi huku." Sasa tuna mwaka wa nne. Duka la Kirundi linauza mawese na ndagala, shule iko hatua chache, na Omaha ninakopakia nyama ni mwendo wa saa mbili.

Mzee wa kona nilimpelekea chapati. Akaonja, akatulia. Akasema, "Hii ni tofauti."

Mkamba wa Theluji

😂😂😂 Kumbe ugonjwa ulishavuka mpaka!

Utingo Mstaafu

Sivyo, huyu aliniomba zingine wiki iliyofuata. Iowa hilo neno lina maana mbili, bado najifunza.

Kijana wa Njombe

Anko ni mimi. Nimejiunga leo nisome. Shikamoo. Sasa nikiomba chuo niombe jimbo gani?

Utingo Mstaafu

Marahaba mjomba. Kwanza nipigie, achana na ujumbe wa sauti. Pili, mpe mama yako salamu na umwambie ile hela ya bati nimetuma. Saa zangu kumi za kupumzika zinaisha alfajiri, nina mapaja ya nguruwe ya kufikisha Laredo mpakani mwa Mexico, ni siku mbili. Nipigie nikiwa Oklahoma, pale barabara imenyooka.